Kikazio cha Sita

"Tena," alisema Inspekta.

Mzee aliyekaa ng'ambo ya meza alimtazama kama mtu anayetazama mvua iliyorudi kabla nguo hazijakauka. Alikuwa ameshasema mara tatu. Lakini kituo kizima kilijua kwamba mama huyu haridhiki na maneno mpaka yachakae. Ndiyo maana nyuma ya mgongo wake walimwita Bi Tena, na siku nyingine wakajisahau wakamwita hivyo usoni, naye akaitika.

"Nilifunga vitano," alisema mzee. "Vitano, mama. Siyo sita. Cha sita kilikuwa hakijafika dukani. Nikakiacha cha zamani mahali pake, ubavu wa kulia, ule waya wa nyuma. Nikamwambia Mwalimu, usitoke na mashua hii mpaka nirudi Jumatano."

"Na Jumatano ni kesho."

"Ni kesho. Nami niko hapa."

Bandarini alijulikana kama Mzee Waya. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa moja tu, kufunga nyaya zinazosimamisha milingoti ya mashua za matanga. Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia mpaka ramani zikamkinai, alikuwa na mashua ya mlingoti mmoja na nyaya sita: mmoja mbele, mmoja nyuma, wawili kila ubavu. Chini ya kila waya, pale unapokutana na sitaha, kuna kikazio. Ni kipande cha shaba nyeusi, kirefu kuliko kiganja, chenye tumbo lililo wazi na bolti moja kila ncha. Ukizungusha tumbo, bolti zote mbili huingia ndani na waya unakazika, kisha pini hupitishwa lisijizungushe lenyewe. Vya zamani vilikuwa vimeota nyufa, Mwalimu akaomba vibadilishwe vyote.

Jumamosi alitoka na mashua. Upepo ulipogeuka, waya wa ubavu wa kulia uliachia, mlingoti ukalala juu yake. Leo Jumanne alikuwa bado hajafumbua macho.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni, kofia kwapani.

"Inspekta, unamtafuna huyu mzee mpaka lini? Tumekuta vikazio sita mle. Vyote vipya, aina moja, pini zote mpya. Nani mwingine mji huu anafunga vitu hivi? Kesho saa tatu asubuhi yuko mbele ya hakimu. Nataka faili mezani kwangu saa kumi."

"Saa kumi ya leo, bwana mkubwa?"

"Ipo nyingine?"

Mkuu alipoondoka, mzee aliinamisha kichwa akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimepinda kama vile bado vimeshika spana.

"Mwalimu akifa," aliuliza, "itaitwaje?"

"Itaitwa kuua kwa uzembe."

"Uzembe," alisema Mzee Waya, akalirudia neno kama mtu aliyetemewa mate. "Mimi."

Bi Tena alichukua kikazio kilichoachia, kikiwa ndani ya mfuko wa ushahidi, akakitia mkobani. Koplo wake, mwanaume mnene aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa ameshawasha gari.

*

Duka la vifaa vya mashua lilikuwa refu na jembamba kama soksi. Kamba zilining'inia darini, na mwisho kabisa, nyuma ya kaunta, alikaa mwenye duka, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi.

"Niuzie vikazio," alisema Bi Tena.

"Afande ana mashua?"

"Sina hata beseni. Niuzie kama unavyomwuzia mtu asiyejua kitu."

Mwenye duka alimtazama Koplo, Koplo akatazama dari. Basi akashuka kwenye kiti chake.

"Kwanza nitakuuliza waya wako una unene gani."

"Nusu ya kidole changu kidogo."

"Hapo ndipo watu wanapoangukiwa na milingoti. Waya haupimwi kwa kidole." Akabana kipande cha waya kwa kaliba. "Milimita sita. Waya wa sita unataka bolti ya kumi na mbili. Ukichukua ndogo itakatika, ukichukua kubwa haiingii kwenye tundu la sitaha. Umenielewa? Sasa, chagua."

Alipanga viwili juu ya kaunta. Kimoja kiling'aa kama kijiko cha wageni. Cha pili kilikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Bi Tena akagusa kinachong'aa.

"Kila mtu mara ya kwanza anachukua hicho," alisema mwenye duka. "Mara ya pili anarudi nacho mkononi, anataka nikifungue. Chuma kisichoshika kutu kikisuguana na mwenzake wa damu moja bila grisi, huoana wasiachane tena. Hicho kibaya cha sura ndicho cha kudumu. Shaba nyeusi. Mzee Waya hanunui kingine."

"Anachaguaje yeye?"

"Ee Afande, usinikumbushe!" Mwenye duka akashika kichwa. "Anakuja na sumaku yake mfukoni. Sumaku ikinasa tu, kitu hicho ni chuma kilichopakwa rangi, hata hakigusi tena. Halafu anapitisha ukucha kwenye hesi, yale meno ya bolti, mstari kwa mstari, kama mama anayetafuta chawa. Halafu anaingiza bolti mpaka mwisho, anaitoa, anaiingiza. Nilikuwa na vikazio kumi na kimoja. Akachagua vitano. Sita akavikataa mbele ya wateja, kila kimoja akakikuna alama ya msalaba nisije nikamwuzia mtu mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Na alitaka sita."

"Alitaka sita. Kwa hiyo nikaagiza kimoja."

Koplo akasogea karibu. Bi Tena hakupandisha sauti.

"Vile sita alivyokataa viko wapi?"

Mwenye duka alielewa swali lilikokuwa likienda. Uso ukamwiva. "Unadhani nilimpa cha kukataliwa? Afande, mimi ni mwenye watoto!"

"Wenye watoto ndio wanaokaa rumande. Nionyeshe."

Alivuta kisanduku chini ya kaunta, akavimimina. Bi Tena alivihesabu mwenyewe. Vilikuwa sita, vyote na msalaba. Kisha akatoa kile cha ushahidi, akageuza pande zote: hakikuwa na alama. Akaazima sumaku ya dukani, akaiweka tumboni mwake, ikateleza ikaanguka. Akaweka kwenye bolti moja, ikaanguka. Ya pili, ikaanguka.

"Shaba safi," alisema mwenye duka, akijifuta jasho. "Nilikwambia."

"Tazama hesi zake."

Akasogeza miwani. "Hizi mbili za mwisho zimekwanguka. Zilizobaki nzima, kama zimetoka kiwandani leo. Hii bolti ilikuwa imeshikwa na hesi mbili tu, Afande. Meno mawili kubeba mlingoti mzima! Mzee Waya huingiza zaidi ya ishirini." Akaigeuza. "Na hii yenye mkato pembeni ni ya kushoto."

"Ya kushoto vipi?"

"Kila kikazio kina bolti mbili. Moja hesi yake inazunguka kulia, kama bolti zote za dunia. Nyingine inazunguka kushoto, nayo huwekwa mkato ili ijulikane. Ndiyo maana ukizungusha tumbo zinaingia pamoja. Zingekuwa zote za kulia, moja ingeingia nyingine ikitoka, ungezungusha mpaka Kiyama."

Bi Tena alikaa na jambo hilo kidogo, kama mtu anayelainisha ugumu wa embe kwa vidole kabla ya kuling'ata. Kisha akauliza, "Cha sita ulimpa Mzee Waya mkononi?"

"Nilimpa."

"Tena."

"Nilimpa... mtu wake. Ijumaa mchana kilipofika tu. Alikuja mtu na kofia ya pikipiki, hakuivua. Akasema, 'Mzee Waya kanituma kile cha sita.' Sasa nani mwingine angejua kwamba kuna cha sita?"

"Jana polisi walipokuuliza ukasema ulimpa mzee mwenyewe."

"Niliogopa. Kila aliyetajwa alikuwa anaandikwa."

"Mtu huyo alikuwaje?"

"Mrefu. Sauti ya adabu."

"Alisema nini kingine?"

"Hakuna." Mwenye duka akakuna shingo. "Ah. Alipofika mlangoni akasimama, kama anasikiliza. Akaniambia, 'Mzee wangu, leo jioni funga bomba zako zote, halafu tazama mita. Kuna mahali maji yanakupotea.' Nikacheka. Jioni nikatazama. Kweli! Chini ya sinki, tone kwa tone."

*

Hospitalini Mwalimu alikuwa amelala chali, bega limefungwa, kichwa kimefungwa. Binti yake alikaa kando ya kitanda akiwa bado na viatu vya Jumamosi.

"Huyo mzee mmeshamfunga?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado, mwanangu. Naomba kuona nguo alizokuja nazo baba."

"Baba alimwamini. Nyumbani tulikuwa hatupumui, Mzee Waya kasema hivi, Mzee Waya kasema vile. Afungwe mpaka asahau jina lake."

Nguo zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Suruali haikuwa na kitu. Kwenye mfuko wa shati mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na kipande cha waya mwembamba, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa usawa mzuri, ncha imekunjwa kwa ndani isichome mtu. Ulikuwa umekatwa kwa koleo.

Karatasi ilikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu ambaye kalamu si kazi yake. *Nyaya zikikazwa upya hunyooka. Nikishamaliza vyote, ukae usiku mmoja. Toa pini. Kila kikazio zungusha mara NNE, kama unafunga kifuniko cha chupa. Weka pini mpya nilizokuachia.*

"Huu waya wa nini?" aliuliza Bi Tena.

"Sijui. Baba haachi kitu chenye ncha sitahani. Alikuwa akitukemea sana, miguu mitupu."

Mlango ulifunguliwa, akaingia mwanaume mrefu na chupa ya chai.

"Mume wangu," alisema binti.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, baba. Pole kwa mgonjwa."

Akajibu ameshapoa, akaiweka chupa mezani. Bomba la sinki lililokuwa pembeni ya chumba lilikuwa likidondosha maji. Alipopita alilikandamiza kwa kidole gumba, akalizungusha kidogo, likanyamaza.

"Hata hapa?" alisema mkewe kwa uchovu.

"Washa yake, kile kipira cha ndani, imekwisha," alijibu.

Bi Tena alikunja karatasi. "Jumamosi ulikuwa wapi, baba?"

"Zamu. Kazini."

"Ijumaa mchana?"

"Kazini pia." Akammiminia mkewe chai, akafunga kifuniko cha chupa. "Afande, yule mzee kweli atapelekwa mahakamani?"

"Kesho saa tatu."

Mkwe akaitikia kwa kichwa. Kisha akakifunga kifuniko cha chupa, ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

*

Mashua ilikuwa imepandishwa juu ya magogo katika yadi ya kutengenezea mashua, mlingoti umelazwa kando kama mgonjwa wa pili. Vikazio vitano vilibaki mahali pake.

Koplo alipanda ngazi akihema, akainama mbele ya cha kwanza, kisha akapinda shingo. Akainama mbele ya cha pili, akapinda zaidi.

"Afande, jina la kiwanda limeandikwa kichwa chini."

"Hicho tu?"

"Vyote! Vitano hivi vyote maandishi yako kichwa chini. Huyo mzee anajua kusoma kweli?"

"Anajua. Nina mwandiko wake." Bi Tena akapiga magoti, magoti yakalalamika. Mkato wa bolti ya kushoto ulikuwa juu, kwenye vyote vitano. Bolti ya kulia ilikuwa chini. "Koplo, picha za Jumamosi. Kile cha sita, tumbo lake lilipobaki sitahani."

Koplo akatoa picha, akazigeuza. "Hiki kinasomeka vizuri tu. Kimesimama sawasawa."

"Na mkato?"

"Uko... chini."

Bi Tena akakitoa cha sita mkobani, akaingiza bolti zote mbili mpaka nusu, akampa Koplo ashike ncha mbili kama ilivyokuwa kwenye picha, maandishi yakiwa wima. "Sasa mimi ndiye Mwalimu. Macho mazito, karatasi mkononi. Naona vikazio vyote sita ni vipya, nasema mzee kamaliza. Toa pini. Zungusha mara nne, kama unafunga kifuniko cha chupa."

Akazungusha. Moja. Mbili. Bolti hazikuingia. Zilikuwa zikitoka, juu na chini, polepole, mbele ya macho ya Koplo.

"Mama yangu! Anadhani anakaza."

"Kwenye vitano anakaza. Kwenye hiki analegeza. Kiliachiwa hesi sita ndani na mtu asiyejua kwamba sita hazitoshi. Mwalimu akatoa nne. Sita toa nne?"

"Mbili," alisema Koplo. "Zile mbili zilizokwanguka."

"Kiwanda kilichapa jina lake bila kuuliza mafundi. Mzee Waya anafuata hesi, hafuati jina. Kushoto juu, kulia chini, ili mkono wowote utakaokuja ugeuze upande mmoja. Aliyefunga cha sita alifuata maandishi." Akasimama, akajifuta grisi. "Nataka maji."

Bomba la yadi lilikuwa ukutani. Bi Tena alinawa, akafunga, kisha hakuondoka. Kando ya bomba kulikuwa na mita ya maji. Uso wake ulikuwa umesimama wima, namba zikisomeka kutoka mbali. Na mahali mita ilipounganishwa na bomba palipitishwa waya mwembamba wenye lakiri ya risasi, muhuri wa kuzuia mita isifunguliwe ovyo, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa usawa mzuri, ncha imekunjwa kwa ndani.

Akatoa kile kipande cha waya kilichotoka mfuko wa shati, akakilaza juu yake. Kama kucha na kidole.

"Koplo. Kitendawili."

"Tega."

"Ndugu sita wamesimama foleni. Watano wamesimama kichwa chini, wako salama. Mmoja kasimama kama watu, kaanguka na nyumba."

"Hicho nakijua sasa, vikazio."

"Hicho ni nusu. Nusu ya pili: ni nani hawezi kuona kitu kimesimama kichwa chini bila kukigeuza?"

Koplo akakuna tumbo. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote."

"Mji sitaki. Nipeleke karakana ya idara ya maji. Saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Kanyaga."

*

Karakana ya mita ilikuwa na ukuta mmoja mrefu uliojaa mita za maji, safu juu ya safu, zote zikitazama mbele kama darasa siku ya ukaguzi. Hapakuwa na hata moja iliyoinamisha namba.

Mkwe wa Mwalimu alikuwa peke yake kwenye meza ya kazi. Zamu ya hospitali ilikuwa imekwisha, ya hapa imeanza. Alipowaona, akasimama.

"Mgonjwa?" aliuliza.

"Yuko vilevile. Nimekuja kuomba msaada mdogo tu. Nibanie hiki kwenye jiliwa, nataka kukitazama kwa mwanga wako."

Akampa kikazio. Alimpa kikiwa kama vile vitano, maandishi kichwa chini.

Fundi wa mita alikipokea, akakitupia jicho, akakigeuza, akakiweka kati ya mataya ya jiliwa, akakaza mkono wa jiliwa. Kikasimama, jina la kiwanda likisomeka vizuri.

"Umekigeuza," alisema Bi Tena.

"Kilikuwa kichwa chini."

"Kwani kinasomwa?"

Mkono wake ulibaki kwenye jiliwa. "Mita ukiifunga kichwa chini, msomaji akija hawezi..." Koplo alikuwa amesogea kati yake na mlango, bila haraka, kama mtu aliyetafuta kivuli.

Bi Tena akaweka kile kipande cha waya kando ya trei iliyokuwa mezani. Ndani yake mlikuwa na lakiri za risasi na nyaya kama hizo mia, zimeshasokotwa.

"Nani alikitoa hicho?" aliuliza mkwe kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, kwa koleo, ili aweke pini kama alivyoandikiwa. Akautia mfukoni usije ukawachoma nyinyi miguu." Akatazama upande wa pili wa meza. Rundo la fomu lilikuwa limelaliwa na kitu kizito ili zisipeperuke. Kilikuwa kikazio cha zamani chenye ufa. "Na hicho kilitoka ubavu wa kulia, waya wa nyuma."

Mwanaume akakaa. Alipoanza kusema, alisema mfululizo, kama bomba lililotolewa taka.

"Baba mkwe alikuwa akiiwaza bahari tu, Afande. Kila siku ananiuliza, Jumatano ni lini, Jumatano ni lini, kama mtoto. Nikasema, kazi yenyewe ni kutoa kimoja na kutia kingine. Nakaza mabomba ya shinikizo miaka kumi na mbili. Ijumaa nikakichukua, jioni nikakifunga, nikatia waya wa lakiri kusudi kisijifungue. Nikamwambia baba mkwe, Mzee Waya kamaliza."

"Kwa nini hukusema ni wewe?"

"Asingepanda. Kwake mimi ni mtu wa kuziba mabomba." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nilisema akirudi salama, tukiwa tunakunywa chai, hapo ndipo nimwambie. Ni mimi, baba."

"Uliviona vile vitano viko kichwa chini?"

"Niliviona. Nikadhani macho ya Mzee Waya yamechoka. Nikasema basi, angalau hiki kimoja nikiweke sawasawa."

Koplo alikohoa.

"Na tangu Jumamosi?" aliuliza Bi Tena.

"Tangu Jumamosi kila nikifungua mdomo, mke wangu anasema afungwe huyo mzee. Nikifunga mdomo, anasema hivyohivyo."

"Atajua kwako au kwangu?"

Alifikiri kidogo tu. "Kwangu."

Wakapitia hospitali. Koplo alisimama mlangoni, Bi Tena korido. Kutoka mle ndani haikusikika kelele wala kilio. Lilisikika swali moja la yule binti, maneno mawili.

"Siku tatu?"

Alipotoka, mumewe alinyoosha mikono mbele bila kuambiwa. Bi Tena akamwambia aishushe, gari liko hapo chini, hakuna haja ya watu kutazama.

*

Saa kumi kasoro dakika kumi faili lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo. Alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena.

"Maandishi," alisema. "Mlingoti umeanguka kwa sababu ya maandishi?"

"Kwa sababu ya hesi, bwana mkubwa. Maandishi yalisaidia tu."

"Na yule mzee?"

"Naomba funguo."

Mzee Waya alitolewa rumande akiwa ameshika suruali kiunoni, mkanda wake ukiwa bado kaunta. Hakuuliza kama yuko huru. Aliona kikazio juu ya meza, akakivuta, akazitazama hesi zake zilizokwanguka, akakisimamisha mbele yake kama kilivyokuwa kwenye picha.

"Kilifungwa hivi?"

"Hivyo hivyo."

Akakigeuza. Mkato juu, kulia chini, jina la kiwanda kichwa chini. "Hivi ndivyo kinavyosimama," alisema. Kisha akaongeza, "Nilimwandikia azungushe mara nne. Sikumwandikia atazame kwanza. Nani alikifunga?"

"Mkwe wa Mwalimu. Yule mrefu, fundi wa mita za maji."

Askari wa kaunta alileta mkanda, akauweka mezani, haukuguswa.

"Alikuja," alisema Mzee Waya. "Siku niliyofunga vile vitano. Alisimama pale gatini karibu saa nzima, mikono nyuma. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza, 'Mzee wangu, mbona maandishi yote umeyaweka kichwa chini?'"

Bi Tena alikuwa ameshika kalamu. "Ukamjibu nini?"

Mzee alizungusha tumbo la kikazio mara moja, polepole, kama anayefunga kifuniko cha chupa. Bolti zote mbili zikaingia ndani.

"Nilimwambia fundi wa maji arudi kwenye maji yake."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Na mama yule, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaacha neno lipite bila kurudiwa, hakumwomba alirudie hilo. Alisukuma mkanda karibu na mkono wa mzee, akafunga faili.